Kuku wa gredi, kuku wa kienyeji na sheria ya mwaka 1962

Ukitaka ubishi usiokwisha Mji wa Kale wa Mombasa, taja kuku wa kupaka. Kuna watakaokwambia haliki bila kuku wa kienyeji, maana wa gredi humong'onyoka kabla tui halijashika. Wengine watakuuliza nani ana gesi ya kumchemsha jogoo mkavu hadi alainike, na wageni wako mlangoni. Ladha, bei, muda: yote hujadiliwa. Kuku mwenyewe aliishije kabla ya kuingia sufuriani, hilo sijasikia mtu akiliuliza barazani.

Kuku wa gredi wa nyama huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Wa kienyeji huchukua miezi mitano, hata zaidi. Biashara yote imesimama juu ya tofauti hiyo. Mbegu ya broila imechaguliwa ili anenepe upesi, na mara nyingi mwili huitangulia miguu. Kisiwani hatuna nafasi ya mabanda makubwa, kwa hiyo kuku hawa hutuletea wa Kisauni, Likoni, Mtwapa na kwingineko. Mfugaji wa Pwani ana adui ambaye mwenzake wa Limuru hamjui sana: joto. Mwezi wa Machi, saa nane mchana, kuku mzito huachama mdomo, hutanua mabawa na kususia chakula. Mwenye banda hukunja mapazia ya magunia upepo upite, humwaga maji yaliyopata moto na kutia mengine. Akiwa amewasonganisha kupita kiasi, jioni ataokota mizoga. Hapo huruma na faida vinakwenda pamoja.

Kwa kuku wa mayai mambo ni mengine. Kizimba cha waya kina hesabu nzuri: yai hubingirika lenyewe hadi mbele, chakula hakimwagiki, kinyesi huanguka chini. Lakini kuku aliye ndani hachakuri, hajigaragazi vumbini, hana kiota, na bawa halinyooki. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku vizimba vitupu vya namna hii kuanzia Januari 2012. Kabla ya hapo, kila kuku alistahili nafasi ya sentimita za mraba 550, ambayo ni ndogo kuliko karatasi ya A4. California nako wapiga kura walipitisha masharti yao ya nafasi ya mifugo, nguruwe wakiwemo, mwaka 2018. Wafugaji wa nguruwe wakaenda mahakamani, na Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakatalia.

Sisi tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ya mwaka 1962, yaani kabla ya bendera yetu kupandishwa. Inakataza kupiga, kutesa, kunyima chakula, kubebesha mzigo kupita kiasi na kusafirisha mnyama kwa namna ya kumuumiza bure. Faini yake haizidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Shilingi 3,000 ni bei ya majogoo wachache. Isitoshe, sheria hiyo inamtafuta mtu mkatili. Kizimba kinachofuata maelekezo ya kiwanda hakina mtu wa kukamatwa.

Wapenzi wa kienyeji wasichekelee. Kuku wao ameishi vizuri uani kwa watu Kwale, Kilifi au Ukambani, kisha siku yake ya mwisho ikawa ya mateso: tenga limejazwa hadi kifuniko hakifungi, juu ya basi, juani, bila tone la maji. Akishuka mjini hufungwa miguu na kuning'inizwa kwenye bodaboda, kichwa chini, hadi kwa mteja. Hilo ni kosa leo hii kwa sheria hiyohiyo kuukuu, na linapita mbele ya askari mchana kweupe.

Na tuseme ukweli, wengi wetu tunadhani halali huanza na kuishia kwenye kisu. Mafundisho yanataka zaidi: kisu kisinolewe mbele ya mnyama, na mmoja asichinjwe mwenzake akitazama. Kuku aliyekula uchafu, bibi zetu walimfungia siku tatu akila nafaka safi ndipo achinjwe. Walijali alivyolishwa, si alivyochinjwa tu.

Hoja ya bei ni nzito na siipuuzi. Trei ya mayai inalisha nyumba nyingi Majengo ambazo nyama huiona kwa nadra, na kupiga marufuku vizimba kesho asubuhi kungewaumiza hao kwanza. Ulaya yenyewe ilitoa agizo mwaka 1999, ikawapa wafugaji zaidi ya miaka 12 kujipanga. Sisi tunaweza kuanza na kilicho rahisi: matenga yasijazwe kupita kiasi, kuku wasining'inizwe, sokoni pawe na kivuli na maji. Kisha viwekwe viwango vya vizimba vipya kabla havijazagaa, maana kumvunjia mtu banda alilokwisha kujenga ni ugomvi mwingine.

Hakuna haja ya kuingoja Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na machinjio. Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Mombasa, leteni mswada. Nawe mnunuzi, ukiletewa kuku kichwa chini, mkatae, na umwambie muuzaji kwa nini.