Ndagala Ana Ndugu Marekani: Chambo cha Shadi

Leo tunazungumza na wavuvi, baba zetu na kaka zetu wa Uvira, Baraka na Kalemie, mnaosubiri safari ya kuhamishiwa Marekani. Mnauliza: kule tutavua nini, na kwa chambo gani?

Chambo chenyewe mnamjua ndugu yake. Kule kuna samaki wa rangi ya fedha aitwaye shadi. Yeye na ndagala wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo mmoja. Na kama migebuka anavyomfuata ndagala, ndivyo kambare wa kule, na samaki aitwaye besi wa milia, wanavyomfuata shadi.

Ndagala mnamvuta kwa taa usiku. Shadi wengi hunaswa kwa kimia alfajiri, makundi yanapokuja juu karibu na ukingo. Tabu yake, hufa upesi. Ukimtia kwenye chombo cha pembe nne hujibana pembeni na kufa, ndiyo maana wenyeji hutumia pipa la duara lenye pampu ya hewa. Maji yakijaa magamba na povu, yabadilishe.

Besi humpenda zaidi shadi aliye hai. Pitisha ndoana puani, ili aendelee kuogelea. Kambare hana makuu hayo. Yeye huonja kwa mwili mzima, si kwa ndevu tu, na hutafuta chakula hata gizani na kwenye tope. Mkate shadi vipande, damu na mafuta yatoke, kisha shusha hadi chini. Wa leo ni bora kuliko wa barafu, maana huyu akiyeyuka nyama hulegea na kutoka kwenye ndoana. Na nyuzi ziwe imara: mwaka 2011, Virginia, alivuliwa kambare wa karibu kilo 65!

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Kule hata mtu mwenye ndoana moja anatakiwa kuwa na leseni ya uvuvi. Majimbo mengi huidai kuanzia miaka 16. Inanunuliwa dukani au kwa intaneti. Askari wa wanyamapori akikukuta ukingoni huna, ni faini, na mgeni aliyefika juzi ataitoa wapi? Kila jimbo lina sheria zake pia: kama kimia kinaruhusiwa, kama unaweza kuhamisha shadi hai toka ziwa moja hadi jingine, besi wangapi kwa siku na wa urefu gani. Mwombeni mfanyakazi wa shirika litakalowapokea awasomee kabla hamjashuka majini.

Tena si kila samaki wa kule ni wa kula ovyo. Baadhi ya mito na maziwa yana zebaki au sumu za viwandani, na jimbo hutangaza mtu ale mara ngapi kwa mwezi. Mama mjamzito na watoto wadogo ndio wa kuangaliwa kwanza.