Kodi mbili, afueni moja: riba ya mkopo wa nyumba iendelee kupunguza kodi?

1/ Uzi wa leo: serikali iache kuwapunguzia kodi watu wanaolipa mkopo wa nyumba, ama iendelee? Sheria yetu ni ile ile, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunapima hoja tu.

2/ Kwanza, inavyofanya kazi. Ukichukua mkopo wa kununua, kujenga au kuboresha nyumba unayoishi mwenyewe, riba unayolipa hutolewa kwenye mapato yako kabla kodi haijapigiwa hesabu. Ni nyumba moja tu. Kiwango cha juu kilikuwa sh. 300,000 kwa mwaka. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi.

3/ Hapa wengi huchanganyikiwa. Hurudishiwi hizo 30,000. Unaokoa tu kodi ambayo zingekatwa. Aliye kwenye kiwango cha asilimia 30 anaokoa 9,000 kwa mwezi. Anayekatwa asilimia 35, yule wa zaidi ya 800,000 kwa mwezi, anaokoa 10,500. Riba ni ile ile, lakini mwenye mshahara mnono anapata zaidi.

4/ Wanaotaka ifutwe husema hivi: pesa ambayo serikali imeamua kutokusanya ni kama pesa iliyotumia. Tofauti ni kwamba hii haisomwi siku ya bajeti, kwa hivyo hakuna anayeipigia kelele.

5/ Na inafikia wangapi? Kwa takwimu za Benki Kuu, mikopo ya nyumba nchini ilikuwa kama 30,000 mwishoni mwa 2023. Nchi nzima! Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6.

6/ Sasa fikiria mama anayejenga kwao kidogo kidogo, mawe mwaka huu, mabati mwakani. Hana mkopo, hana riba, hana afueni. Na anayepanga Pipeline au Bamburi je? Kiswahili kina neno moja, kodi, la KRA na la landilodi. Yeye analipa zote mbili, na ya landilodi haimpunguzii ya KRA hata shilingi.

7/ Lakini wanaoitetea wana hoja nzito pia. Mkopo wa milioni 5 kwa riba ya asilimia 15 una riba ya karibu 750,000 mwaka wa kwanza. Afueni haifiki hata nusu yake. Kwa hivyo wa jumba la milioni 50 haisikii sana. Anayeisikia ni mwalimu au muuguzi aliyejibana. Huyo 9,000 ni karo. Alisaini mkopo wa miaka 20 akiihesabu, leo umwambie imeisha?

8/ Kuna suala la bei pia. Nyumba zikiwa chache na wauzaji wakijua mnunuzi ana nafuu kidogo, bei inaweza kupanda na ile nafuu ikaishia mfukoni mwao.

9/ Uingereza ilikuwa na afueni kama hii. Haikuikata kwa siku moja. Iliipunguza polepole miaka ya 1990, ikaifuta kabisa Aprili 2000. Soko halikuporomoka. Ila bei za nyumba ziliendelea kupanda miaka iliyofuata. Funzo: kuifuta si mwisho wa dunia, na pia si dawa ya nyumba ghali.

10/ Msimamo wangu: walio katikati ya mkopo waachwe wamalize. Wakopaji wapya wapate punguzo la kiwango kimoja, liwe sawa kwa wa 60,000 na wa 900,000. Na afueni hii ijadiliwe kila bajeti kama matumizi mengine yote.

11/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani aseme ifutwe, muulize hiyo pesa itaenda wapi. Akisema iongezwe, muulize anayepanga atapata nini. Akikosa jibu, hajafikiria.

Wewe unalipa landilodi ama benki? Niambie hapo chini ungeamua vipi.