Maji Yaliyojificha Kwenye Breki

Msomaji wetu wa Morogoro, ambaye gari lake hupanda Mgeta kufuata kabichi na karoti, anataka kujua kama fundi aliyembadilishia mafuta ya breki alimtendea haki au alimla hela bure, maana mafuta yenyewe hayakuwa yamepungua: kikopo kilijaa hadi alama ya juu. Jinsi breki zinavyobana gurudumu sitaieleza. Gereji yoyote ya mjini ina kijana wa kukueleza hilo huku akila chapati. Ninachotaka kutetea ni kwamba swali limeshika mwisho usio wake. Mafuta ya breki hayapimwi kwa wingi wake bali kwa umri wake, na anayeteremka Uluguru ana sababu ya kuuhesabu umri huo kuliko anayezunguka Msamvu na Kihonda.

Kilichotupoteza ni jina. Tumeyaita mafuta, na mafuta tunayajua: ukiyatia maji, kila kimoja hukaa kivyake. Kiowevu cha breki hakina udugu na mafuta. Kwa magari mengi hutokana na jamii ya glikoli, nayo glikoli hupenda maji kama chumvi ya wakati wa masika, ile inayolowa ndani ya kopo bila mtu kuidondoshea tone. Tabia hii haijapata neno lake. Wapo wanaoandika “kinyonya unyevu”, lakini kunyonya kuna mdomo na kuna nia, na chumvi haina vyote viwili. Napendekeza sharabifu. Kusharabu tunako siku nyingi, ardhi kavu husharabu mvua. Na ikiwa haribu imezaa haribifu, sioni kwa nini sharabu iwe tasa. Kiowevu cha breki basi ni sharabifu. Mvuke hupenya taratibu kwenye mipira ya breki na kwenye kifuniko cha kikopo, na kwa upande wa Matombo na Kinole mvuke si bidhaa adimu: unyevu wa Bahari ya Hindi unaojaza Ruvu na kuinywesha Dar es Salaam ndio huohuo unaobisha hodi kwenye mipira yako. Kikopo hubaki kimejaa. Kilichomo ndicho kinachobadilika.

Kwa nini basi wasitumie kitu kinachoyakataa maji? Kwa sababu maji yaliyokataliwa hayaondoki. Yangetiririka hadi pa chini kabisa, yaani kwenye gurudumu, penye joto kuliko popote, yakatia kutu na kuchemka kwenye nyuzi 100. Bora yasambae kuliko kukusanyika. Lakini kusambaa nako kuna gharama. Kwa viwango vya Marekani vinavyoandikwa kwenye chupa, DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205; ikishasharabu maji ya kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Sasa chukua gari la tani 2 pamoja na mzigo, literemke mita 600 za wima kwa breki peke yake. Nguvu inayogeuka joto ingetosha kuchemsha lita 35 za maji ya bomba, na joto hilo lote linazaliwa kwenye vipande vichache vya chuma vyenye ukubwa wa sahani.

Hapa ndipo penye utamu. Kiowevu hakichemki umekanyaga breki; huchemka ukiachia. Fikiria soda inayouzwa dirishani mwa basi pale Msamvu, imetikiswa njia nzima kichwani mwa muuzaji na jua limeipiga. Ndani ya chupa kumetulia, huoni povu, kwa sababu kizibo kimeibana gesi ibaki ndani ya soda. Fungua, na abiria wa kiti cha mbele watakukumbuka hadi Chalinze. Soda haikupata joto wakati unaifungua. Ilichopoteza ni ule mbano. Mguu wako ndio kizibo. Unapokanyaga, kiowevu kinabanwa mara makumi ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, na kitu kilichobanwa hivyo hakichemki kirahisi hata kikipita nyuzi 140. Kona imekwisha, unainua mguu, kizibo kimefunguka: mapovu yanajaa. Kona inayofuata unakanyaga, na badala ya kusukuma padi unashindilia mvuke. Kiowevu hakishindiliki, mvuke hushindilika, na kanyagio linazama hadi sakafuni. Breki zilizokushika vizuri dakika moja iliyopita hazipo. Kibaya zaidi, gari likishatulia korongoni na kupoa, mvuke hurudi kuwa maji, kanyagio linakuwa gumu tena, fundi anakagua na kukuta kila kitu kizima. Dereva anaonekana mwongo.

Atasema mtu kwamba wapo madereva wanaoteremka Mgeta kila siku na hawajawahi kubadilisha. Ni kweli, na wengi wao huteremka kwa gia ndogo, injini ikibeba kazi ambayo breki zingeibeba. Wanaishi kwa ustadi, si kwa kiowevu, na ustadi hauazimwi pamoja na gari. Mwingine atasema breki zake mjini zinashika barabara. Mjini hazijaulizwa swali. Na anayejivunia gari lililotoka Japani juzi akumbuke kwamba huko magari ya kawaida hukaguliwa kila miaka 2 baada ya ile 3 ya mwanzo, na kiowevu hubadilishwa mara nyingi wakati huo. Baada ya bahari, bandari na yadi, hesabu ya miaka ilishaanza bila yeye.

Miaka 2, basi, kwa anayepanda milima. Wengine watavuta hadi 3. Soma maandishi ya kifuniko cha kikopo kabla ya kununua. DOT 3 na DOT 4 ni ndugu, lakini DOT 5 ya silikoni ni ukoo mwingine, usizichanganye; na oili ya injini isiguse kikopo hicho kamwe, itaharibu mipira yote ya ndani. Kuongezea juu si kubadilisha.

Kwa hiyo, msomaji wetu, fundi wako hakukuibia. Ila rudi ukamuulize chupa aliyokumiminia aliifungua lini.