Huyo ndege lamboni Ngulyati ni wa kila siku, au mgeni kutoka Madagascar?

Kuanzia Mei hadi Oktoba, ukipeleka ng'ombe lamboni Ngulyati, Bariadi, mwangalie vizuri ndege mdogo wa kahawia anayesimama kimya ukingoni. Mara nyingi atakuwa ni wa kawaida tu. Ila huo ndio msimu ambao mgeni adimu huvuka bahari kuja Afrika Mashariki.

Jina lake la kisayansi ni Ardeola idae, jamii moja na yangeyange. Huzaliana Madagascar na visiwa vya jirani kama Aldabra na Mayotte. IUCN imemweka kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, na duniani wamebaki elfu chache tu. Kwao miti ya viota inakatwa, mabwawa yanageuzwa mashamba ya mpunga, mayai na makinda yanachukuliwa.

Kumtambua ni kazi. Wakati wa kuzaliana huwa mweupe pee, mdomo wa buluu. Akiwa huku anavaa mgongo wa kahawia na michirizi kifuani, na hapo anafanana mno na ndugu yake Ardeola ralloides, ambaye Tanzania yupo mwaka mzima. Kumkurupusha ili aruke hakusaidii kitu, maana wote wawili wana mbawa nyeupe.

Anza na kifua. Mgeni ana michirizi mipana, myeusi-myeusi, inayotofautiana wazi na weupe wa chini yake. Ya mwenzake ni myembamba na ina rangi ya udongo mkavu. Mgongo wa mgeni umekoza zaidi, na mdomo wake ni mnene zaidi. Alama moja peke yake haitoshi, hasa kwa ndege wachanga. Tarehe nayo inasaidia: ukimwona Januari, huyo karibu hakika si mgeni, kwa sababu wakati huo wenzake wako viotani kisiwani.

Picha ya simu inatosha kuanzia, hata ukiipiga kupitia darubini. Iweke eBird pamoja na tarehe na mahali, wazoefu waikague. Usiandike jina kwa kubahatisha. Rekodi ya uongo ni mbaya kuliko kukosa rekodi.

Na usimsogelee. Akijikunyata shingo huzama mabegani na kifua hakionekani vizuri. Subiri anyooshe shingo kuvizia chura, ndipo upige.