Umepata A-: Je, Nafasi ya Udaktari ni Yako?

Matokeo ya KCSE yakitoka, simu za wazazi hazipumziki. Kuna wanaopiga kupongeza, kuna wanaouliza "amepata ngapi?", na kuna wengine wanaotuma ujumbe kudai wanaweza kumtafutia mtoto nafasi. Kabla hujatuma hata shilingi moja, hebu tuelewane jinsi nafasi za vyuo vikuu zinavyopatikana.

Alama ya C+ ndiyo kiwango cha chini cha kusomea digrii. Lakini C+ inakufungulia mlango tu, haikuchagulii kiti. Kozi kama udaktari, famasia na sheria huombwa na watu wengi kuliko nafasi zilizopo, kwa hivyo KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, huangalia pointi za kozi, zile tunazoziita klasta.

Hesabu yake iko hivi. A ina pointi 12, A- ina 11, B+ ina 10. Kila kozi ina masomo manne inayoyapa uzito, na jumla yake ya juu kabisa ni 48. Mfumo huchanganya hayo manne na matokeo ya jumla ya masomo saba, ambayo hayazidi 84.

Tuchukue wanafunzi wawili, wote wamepata A- ya pointi 76. Wa kwanza ana A ya biolojia, A ya kemia, A- ya hisabati na A- ya Kiingereza: 46. Wa pili ana B+ ya biolojia, B+ ya kemia, halafu A- kwa hizo zingine mbili: 42. Pointi zake zingine zimetoka kwa masomo mengine. Gredi ni moja, lakini wakiomba udaktari, wa kwanza yuko mbele. Yule wa pili hajafeli. Huenda kuna kozi nyingine ambayo masomo yake bora ndiyo yanahesabika, na huko yeye ndiye atakuwa mbele.

Jambo lingine: pointi za mwisho unazoona kwenye mfumo ni za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliopita. Si ahadi ya mwaka huu. Wenye pointi za juu wakiomba kwa wingi, kiwango kinapanda. Ndiyo maana tunashauri usijaze machaguo yako yote kwa kozi zinazogombaniwa. Weka ile ya ndoto yako kwanza, kisha zile ambazo pointi zako zinazizidi vizuri. Pia linganisha vyuo, kwa sababu kozi ileile inaweza kuwa na kiwango tofauti Nairobi na Eldoret.

Sasa tuje kwa pesa, maana hapa ndipo wengi huumia.

Nafasi za KUCCPS haziuzwi. Mtu akikuandikia "imebaki nafasi moja ya udaktari, tuma ada leo kabla ya saa kumi", jiulize: kama pointi ndizo zinaamua, yeye anauza nini? Anachouza ni haraka yako.

Fanya hivi:

1. Omba mwenyewe kwenye tovuti ya KUCCPS. Ukisaidiwa saiba, kaa hapo hadi mwisho na usimwachie mtu nywila yako.
2. Lipa ada kupitia eCitizen, ukifuata maelezo unayopewa ndani ya mfumo. Ada ya serikali haitumwi kwa namba ya mtu binafsi.
3. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa la mtu usiyemjua, acha.
4. Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi.
5. Hifadhi ujumbe wa malipo hadi mwanafunzi aripoti chuoni.

Na kama tayari umetuma kwa tapeli, usione haya. Piga simu huduma kwa wateja papo hapo, kwa sababu pesa ambazo hazijatolewa ni rahisi kuzizuia kuliko zilizokwisha kutolewa kwa wakala. Kisha ripoti kituo cha polisi.

Mtoto amesoma miaka minne kupata pointi zake. Zitumieni vizuri, na pesa mlizonazo ziwekeni kwa karo.