Mshale, taa na mistari: namna gani kipimo cha sauti kinafanya kazi

Tangazo juu ya kipindupindu linapita kwenye radio. Wakaaji wa Baraka, Mboko na Fizi-centre wanasikia sauti inakwaruza, na jina la kituo cha matunzo halisikilikani. Wengi wanafikiri ni antena. Lakini mara mingi tangazo limeharibika tangu kurekodiwa, sababu hakuna mtu aliyeangalia kipimo cha sauti.

Kipimo hicho ni nini? Mikro inageuza sauti kuwa umeme mdogo sana, unaopanda na kushuka kufuata sauti ya mtu. Kipimo kinasoma nguvu ya ule umeme na kuionyesha kwa desibeli. Kila ukipandisha desibeli 6, umeme unakuwa karibu mara mbili.

Kile cha mshale kinaitwa VU. Kilitoka Marekani mwaka 1939, kazi ya maabara ya Bell pamoja na radio NBC na CBS. Mshale wake ni mzito kwa makusudi: unachukua karibu sehemu 3 za kumi za sekunde kufika kwenye alama yake. Kwa hiyo unaonyesha wastani, karibu na namna sikio linasikia. Lakini mtu akipiga makofi, sauti inapita mbele mshale haujafika. Huko Ulaya, BBC na radio za Ujerumani zilichagua kipimo cha kilele: kinaruka haraka, kisha kinashuka polepole ili fundi apate muda wa kukisoma.

Kwenye mikseri nyingi za leo, mshale umebadilishwa na taa za kijani, manjano na nyekundu. Hapo alama ya 0 si mwisho. Juu yake kunabaki nafasi, mara mingi desibeli 10 ao zaidi, mbele ya sauti kupasuka.

Ndani ya kompyuta mambo ni tofauti. Programu kama Audacity haipimi umeme, inasoma namba. Sauti inakatwa vipande, mara mingi 44.100 kwa kila sekunde, na kila kipande kinapewa namba yake. Hapa 0 ndiyo dari ya nyumba, hakuna kitu juu yake. Ndiyo maana mistari ya programu inaandikwa na alama ya kutoa: -20, -12, -6. Sauti ikigonga dari, kichwa cha wimbi kinakatwa, na kile kilichokatwa hakihifadhiwi popote. Ukiipunguza kisha, unapata makwaruzo yaleyale kwa sauti ndogo.

Tena jambo hili linawadanganya wengi: kipimo kinaona paka mahali kilipo. Kama sauti imepasuka ndani ya mikseri, halafu ukaishusha mbele ya kuingia kwenye kompyuta, mistari itakuwa ya kijani, lakini sauti imekwisha kuharibika. Kwa hiyo angalia kuanzia mikro, kisha mikseri, kisha kompyuta.

Na kurekodi chini sana pia ni hasara. Ukipandisha sauti kisha, jenereta ya jirani na upepo wa ziwa vinapanda pamoja nayo.

Kwa wale wanaotumia programu yenye kipimo, acha vilele vicheze kati ya -12 na -6. Kwa wasikilizaji wanaotuma sauti kwa simu kutoka vijijini, wengi hawana kipimo mbele yao. Basi shika simu karibu shubiri moja na mdomo, upe upepo mgongo, usipige kelele. Rekodi sekunde 10, sikiliza, ndipo uanze tangazo lenyewe. Na kama ni habari ya barabara iliyofungwa ao ya ugonjwa, rudilia mara mbili jina la kijiji na tarehe.