Roboti ya Kuzamia Iliyoundwa Nyumbani

Roboti ya kuzamia inayoongozwa kutoka juu haibebi mtu. Hushushwa majini ikiwa imefungwa kwenye kebo inayoipelekea umeme na kurudisha picha za kamera. Kebo hiyo haikwepeki, kwani mawimbi ya redio hufifia upesi sana majini, hasa kwenye maji ya chumvi. Kampuni za mafuta zina roboti za namna hii zenye ukubwa wa gari. Hata hivyo, tangu Harry Bohm na Vickie Jensen walipochapisha kitabu chao cha maelekezo mwaka 1997, wanafunzi wengi wamejiundia ndogo kwa vifaa vya madukani.

Kiunzi hutengenezwa kwa mabomba ya plastiki ya maji, yaliyounganishwa kwa elbo na tii. Mabomba hutobolewa matundu ili maji yaingie na hewa itoke. Lililobaki na hewa huingiza maji kidogo kidogo, na chombo huanza kuinamia upande mmoja kazi ikiwa katikati.

Kwa mota, zinazofaa ni zile za pampu ndogo za volti 12 za kufulia maji ngamani, maana zimezibwa tangu kiwandani. Fundi huondoa kichwa cha pampu na kufunga propela mahali pake. Mota tatu zinatosha: mbili za kwenda mbele na nyuma, moja ya kupanda na kushuka. Usukani hauhitajiki. Mota moja ikisukuma mbele na mwenzake nyuma, roboti hugeuka papo hapo.

Kinachowaangusha wengi ni kebo. Waya mwembamba wa kebo ya mtandao wa kompyuta una ukinzani wa takriban omu 0.084 kwa mita. Kebo ya mita 30 humaanisha mita 60 za waya, kwenda na kurudi, yaani omu 5 hivi. Mota ikivuta ampea moja tu, volti 5 kati ya 12 zimeishia njiani! Dawa ni waya mnene, au kuunganisha nyaya kadhaa sambamba, ingawa kebo nzito nayo huivuta roboti.

Kisha kuna maji yenyewe. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo la karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba, hivyo kifuniko cha sentimita 10 kwa 10 cha kasha la vifaa vya umeme hubeba kilo 100 zaidi kwenye kina hicho. Oringi safi iliyopakwa grisi huaminika kuliko silikoni iliyorundikwa ovyo. Kasha huzamishwa kwanza likiwa na karatasi kavu tu ndani. Karatasi ikirudi na unyevu, vifaa vya umeme visubiri. Mwaka 2004 wanafunzi wa sekondari ya Carl Hayden, Phoenix, Marekani, walikuta kasha la roboti yao, Stinky, linavuja mashindanoni. Walijaza tamponi za hedhi ndani zifyonze maji, wakaendelea, na wakaishinda timu ya chuo kikuu cha MIT.

Mwisho ni kusawazisha. Maboya hukaa juu na farumi chini, vinginevyo roboti hupinduka. Uzito hurekebishwa mpaka roboti iibuke polepole sana ikiachwa, ili mota zikizimika ijirudie yenyewe. Iliyosawazishwa kwenye maji yasiyo na chumvi itaelea mno baharini, kwa kuwa maji ya bahari ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5: roboti ya kilo 4 itadai farumi ya gramu 100 hivi zaidi.

Anayetaka kujaribu atumie betri ya volti 12 yenye fyuzi karibu na ncha yake ya chanya. Umeme wa nyumbani usisogezwe kabisa karibu na maji hayo.